Shemeji anatuita Tanga: nikague nini kabla ya kuhama?

SWALI

Wapendwa wa safu hii, habari za kazi.

Mimi ni fundi wa friji na viyoyozi, naishi Tabata, Dar es Salaam, na mke na watoto wawili. Mkubwa yuko kidato cha kwanza, mdogo darasa la tano. Mke wangu anashona sare za shule hapohapo nyumbani. Tumechoka na kodi, na foleni ndiyo usiseme. Kuna siku namfikia mteja wa Mbezi kwa saa mbili, na kazi yenyewe inaisha kwa dakika arobaini.

Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, ana miaka minane Tanga na kila akipiga simu anatuita. Anasema bandari imepanuliwa, bomba la mafuta linakuja, kodi ni ndogo na samaki ni wa kumwaga. Sasa ametupatia nyumba Mwanzange. Mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita kabla mwezi haujaisha, nitume kwa simu, la sivyo anapewa mtu mwingine. Mke wangu anasita, ingawa anayetuita ni kaka yake wa damu. Anasema tumeenda Tanga mara mbili tu tangu tuoane, zote harusini, na harusini kila mji ni mzuri. Wenzangu kijiweni nao wananitania kwamba anayekwenda Tanga harudi, atanaswa na mahaba au arogwe.

Tuko Februari. Nina siku tano za kuacha kazi na shilingi 600,000. Niende kuangalia nini, nianze na kipi, ili nikirudi niwe na jibu na siyo picha za bahari?

Fundi wa Tabata

JIBU

Fundi, mkeo amekwisha kujibu nusu ya swali lako. Mgeni wa harusi analala kwa watu, analishwa pilau, jioni anapelekwa Raskazone kupunga upepo, Jumatatu anarudi Dar akisema Tanga raha. Si bure watu wakaupa mji ule jina la "waja leo, waondoka leo". Safari hii nenda kutafuta sababu za kutohama. Ukizitafuta kwa bidii siku nne ukazikosa, au ukazipata zikawa ndogo za kubebeka, basi mji huo unawafaa. Ukienda kutafuta sababu za kuhama utazipata saa ya kwanza, maana bahari iko palepale.

Pesa ya nyumba usitume. Hatusemi shemeji ni mwongo. Lakini nyumba nzuri inayoondoka wiki hii itafuatiwa na nyingine, na nyumba mbaya uliyolipia miezi sita hairudishwi. Mwishoni tumekuandikia maneno ya kumwambia bila kuvunja undugu.

Hizo 600,000 usizimalize kwa safari moja. Safari ya kwanza itengee 350,000: nauli ya kwenda na kurudi 50,000, gesti usiku nne kwa 30,000 ni 120,000, chakula 75,000, bajaji, bodaboda na daladala 60,000, na 45,000 ya dharura. Zinazobaki 250,000 ni za safari ya pili mwezi Mei, na safari hiyo hutakwenda wewe. Tutafika huko.

Ondoka Jumapili, ufanye kazi yako Jumatatu, Jumanne na Jumatano, urudi Alhamisi. Mji husomwa siku za kazi. Chagua mwisho wa Machi, joto likiwa bado halijavunjika na masika hayajashika. Kama mwezi mtukufu haujaisha, subiri Idi ipite. Miaka hii Ramadhani inaangukia Februari na Machi, na mji wa pwani wakati wa mfungo hauendi kwa saa zake za kawaida. Migahawa mingi inafungwa mchana, biashara inahamia jioni, na barafu inauzika kuliko mwezi mwingine wowote. Ukihesabu wateja wako siku hizo utajidanganya.

Basi litapita Chalinze, Segera na Muheza, kisha litakushusha stendi ya Kange, nje kidogo ya mji. Andika saa uliyotoka na saa uliyofika, kwa sababu ndiyo njia itakayoleta vipuri vyako kutoka Kariakoo. Pale Kange usimfuate dalali wala usimwambie bajaji kwamba unatafuta nyumba. Mwambie unakwenda Ngamiani.

Lala Ngamiani usiku miwili, kisha usiku miwili karibu na mtaa ule wa nyumba ya shemeji. Kwake nenda Jumatatu jioni na zawadi ya watoto, kula, ongea, aga. Ukilala kwake utaona Tanga kwa macho yake, utaamka saa anayoamka yeye na kupita njia anazopita yeye. Ngamiani ndiko pa kuanzia kwa sababu biashara ndogo za mji ziko huko, na barabara zake zina namba badala ya majina, ya Nne, ya Nane, ya Kumi na Mbili, kwa hiyo mgeni hapotei. Mji wa ofisi, benki na bandari uko upande wa pili wa reli. Tanga ni tambarare, watu wa rika zote wanaendesha baiskeli, na fundi mwenye begi la vifaa anaweza kufika kwa wateja wengi bila kununua petroli. Jambo hilo liweke kwenye hesabu yako.

Kazi kwanza, nyumba baadaye

Watu wengi wanaohama huanza na nyumba, kisha wanatafuta riziki ya kuilipia. Wewe anza na friji.

Jumatatu saa 3 asubuhi chukua daftari, chagua barabara moja ya Ngamiani yenye maduka, tembea mita mia mbili ukihesabu friji na friza pande zote mbili. Andika namba tatu: jumla yake, zinazofanya kazi, na zilizogeuzwa kabati. Hiyo ya tatu ndiyo ya maana. Ukiona friji mlango wazi, ndani mna sukari, viberiti na daftari la madeni, mwenye duka amekwisha kata tamaa nayo. Ama fundi wa kuaminika hakupatikana, ama alipatikana akataja bei iliyozidi thamani ya friji. Muulize ni ipi kati ya hizo. Jibu la kwanza ni nafasi yako. La pili ni onyo kuhusu mifuko ya wateja.

Friji za kampuni za soda na bia usizihesabu. Zina mafundi wao, na mwenye duka haruhusiwi kukuita.

Kisha waulize kumi kati ya wenye friji zinazofanya kazi maswali manne: ikizima leo unampigia nani, anafika baada ya muda gani, mara ya mwisho ulilipa ngapi, na ulilipa palepale au mwisho wa mwezi. Kama nane wanataja fundi mmoja au wawili na wanawasifu, mji una wenyewe, na utaingia kwa tabu. Kama kila mmoja anataja mtu wake, au wanasema "tunabahatisha tu", pana pengo. Swali la malipo usilione dogo. Mji mdogo kuliko Dar una watu wanaojuana, na wanaojuana wanakopeshana. Kazi kumi za mkopo hazinunui kompresa moja.

Hapa tuseme jambo kuhusu salamu. Ukiingia dukani Tanga na "mambo vipi bosi, hii friji inapiga kazi?" utajibiwa, lakini hutaambiwa kitu. Salimia mpaka salamu ziishe, mkubwa mpe shikamoo yake, mwulize habari za asubuhi, nunua soda, kaa. Jibu la kweli linakuja soda ikifika nusu. Mtu wa Dar anaona anapotezewa muda, kumbe anapimwa kama ni mtu wa kuingizwa ndani ya nyumba.

Jumanne alfajiri nenda soko la samaki la Deep Sea. Angalia barafu inatoka wapi, inauzwaje, nani ana friza na zina hali gani. Kabla ya kwenda tazama mwezi angani. Uvuvi wa dagaa kwa taa husimama siku za mbalamwezi, maana mwanga wa taa haumvuti dagaa bahari ikiwa nyeupe. Ukifika mwezi ukiwa mpevu utakuta soko limepoa na utadhani hakuna biashara. Ukifika gizani utakuta pilikapilika na utadhani ndiyo hali ya kila siku. Ukweli ni wastani wa hizo mbili. Baada ya hapo pita kwa wauza nyama na wauza maziwa. Mkoa wa Tanga una maziwa mengi na kiwanda cha kuyasindika kiko hapohapo mjini, na maziwa hayasubiri fundi hadi kesho. Mteja wa namna hiyo ndiye anayelipa haraka.

Ukipita majengo ya upande wa bahari, tazama mashine za nje za viyoyozi. Utakuta mapezi ya alumini yamelika, ukigusa yanamomonyoka kama majivu, na skrubu zimevimba kutu hadi hazifunguki. Chumvi ya hewani inafanya kwa miaka michache kazi ambayo huko Tabata ingechukua mingi zaidi. Kwako hii ni riziki, kwa sababu kondensa zitahitaji kuoshwa kwa maji yasiyo na chumvi mara kwa mara na kubadilishwa mapema. Pia ni gharama, kwa sababu vifaa vyako, baiskeli yako na friji yako ya nyumbani vinapumua hewa ileile. Cherehani ya mkeo vilevile: itataka mafuta mara nyingi zaidi na kufunikwa kila usiku.

Vipuri vipime kwa vitu vinne: kompresa ya friji ndogo, thermostati, gesi kwa kilo, na bomba la shaba kwa mita. Siku hiyohiyo mwenzako akuulizie bei Kariakoo. Bei ya Tanga ikizidi kidogo si tatizo, ni nauli hiyo. Tatizo ni kitu ambacho hakipo kabisa dukani. Kipuri kinachoagizwa leo kikaja na basi maana yake unakwenda kwa mteja mara mbili kwa malipo ya mara moja, na mteja wa nyama haelewi neno "kesho".

Sasa hesabu. Weka namba zako, sisi tunatumia za mfano. Tuseme Tabata unafanya kazi 30 kwa mwezi, kila moja inakuachia 20,000 ukitoa vifaa. Hiyo ni 600,000. Tanga kodi ikipungua kwa 100,000 na nauli zako kwa 60,000, umepata unafuu wa 160,000. Lakini kazi zikishuka kutoka 30 hadi 22, umepoteza 160,000 ileile. Umehama, umelipa lori, umewatoa watoto shule, na umebaki ulipokuwa. Kwa hiyo swali la siku zako tatu ni moja: Tanga nitapata kazi 22 kwa mwezi? Na miezi mitatu ya kwanza usitegemee hata nusu yake. Kama huna akiba ya kula miezi hiyo, jibu ni "bado", hata mji uwe mzuri namna gani.

Nyumba ikaguliwe mara tatu

Ile ya Mwanzange nenda ukaione, pamoja na mbili nyingine katika mitaa tofauti ili uwe na cha kulinganisha. Nenda saa 12 alfajiri, saa 8 mchana na saa 2 usiku. Dalali atakuomba pesa ya kuonyeshwa; kubaliana kabla hamjaondoka kwamba ni kiasi gani, na kwamba ziara zote tatu ni pesa hiyohiyo. Kodi ya mwezi mmoja anayochukua dalali ni ya siku ya kulipia nyumba, siyo leo.

Alfajiri fungua bomba, kinga ndoo ya lita 20, tazama saa. Ikijaa ndani ya dakika mbili hivi, maji yana nguvu. Ikizidi tano, mtaishi kwa mapipa. Maji ya mji yanatoka bwawa la Mabayani, kwenye mto Zigi, na yanaletwa na Tanga UWASA. Omba kuona ankara ya mwisho, soma deni, uliza mita ni ya nyumba yenu peke yenu au ya wapangaji wote. Mita ya pamoja ndiyo inayogombanisha wanawake uani kuliko jambo lolote. Kama kuna kisima, onja maji: karibu na bahari vingi vina chumvi, vinafaa kudekia tu.

Saa 8 mchana kaa ndani dakika kumi, madirisha wazi. Nyumba ya bati isiyo na dari itakutoa mwenyewe. Tazama madirisha yameelekea wapi. Upepo wa kaskazi unatoka kaskazini-mashariki, wa kusi unatoka kusini, na chumba chenye dirisha upande mmoja tu hakipati hata mmoja vizuri. Pitisha kiganja ukutani, chini, usawa wa goti. Kikitoka na unga mweupe, hiyo ni chumvi inayopanda na unyevu kutoka ardhini, na rangi yoyote utakayopaka itabanduka. Nje, zunguka nyumba ukitafuta mstari wa tope ukutani. Nyumba iliyopakwa rangi mpya hadi usawa wa kiuno tu, juu ikaachwa na rangi ya zamani, ina kitu imeficha. Uliza jirani, siyo mwenye nyumba: masika maji yanasimama siku ngapi, na gari la majitaka lilikuja lini mara ya mwisho. Mvua ikizidi, maji ya ardhini hupanda, na shimo la choo hujaa kwa maji hata kama familia ni ndogo.

Usiku saa 2, chomeka tester yako kwenye soketi. Ni saa ambayo kila mtu amewasha. Kawaida ni volti 230. Ukikuta chini ya 200, wewe unajua kompresa itasema nini, na umejua pia majirani wako watakuwa wateja wa aina gani. Kisha nunua LUKU kidogo kwa namba ya mita ile na usome ujumbe wote unaorudi. Deni la mpangaji aliyeondoka linaonekana hapo. Kodi ya jengo pia inakatwa hapo, 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida. Hiyo ni ya mwenye nyumba, kwa hiyo mkubaliane itapunguzwaje kwenye kodi ya pango. Tazama pia mita ni ya kundi gani. Kundi la watumiaji wadogo, wasiozidi uniti 75 kwa mwezi, wanauziwa uniti kwa 100 kabla ya makato. La kawaida ni 292, na baada ya kodi inafika kama 356. Kwa kundi hilo la pili, 10,000 ya kwanza ya mwezi, kodi ya jengo ikishakatwa, inakupa karibu uniti 24.

Halafu swali ambalo watu wa bara husahau: nyumba ni ya nani? Miji ya zamani ya pwani imejaa nyumba za urithi. Babu alijenga, akafariki, wamebaki watoto saba, mmoja ndiye anayekaa karibu na ndiye anayepangisha. Ukimlipa yeye, mwezi wa tatu anakuja mwingine kutoka Muscat au Mombasa kuuliza umeingiaje. Nyingine ni za wakfu na zina msimamizi wake. Kwa hiyo usimuulize "wewe ndiye mwenye nyumba?", maana atasema ndiyo na kwa upande wake hadanganyi. Muulize nani atatia saini mkataba. Kama ni mirathi, omba kuona barua ya mahakama inayomtaja msimamizi wa mirathi. Kisha pita kwa mjumbe na ofisi ya serikali ya mtaa, uulize nyumba hiyo inajulikana kwa jina la nani. Huko huulizi umbea. Ndiko mtakakojiandikisha mkihamia, na ndiko utajua mchango wa ulinzi na taka ni kiasi gani.

Yaliyobaki, kwa haraka

Soko: kabla hujaondoka, mkeo aandike bei za Tabata za vitu kumi mnavyonunua kila wiki, unga, mchele, mafuta, mkaa, mtungi wa gesi wa kilo 6, nazi, maziwa, dagaa, nyanya, sabuni. Wewe uandike zilezile Makorora au Mgandini. Machungwa ya Muheza na maziwa vitakufurahisha. Vitu vya viwandani vilivyopanda basi kama wewe, havitakufurahisha. Kumbuka samaki aliyesifiwa na shemeji ni wa bei ya msimu. Kusi ikivuma sana vyombo vidogo havitoki.

Hospitali: ya rufaa ya mkoa ni Bombo. Muulize bajaji nauli ya kutoka mtaa ule hadi Bombo saa 8 usiku, na kama anakuja akipigiwa. Chukua namba ya mmoja.

Shule ndiyo inayoamua mwezi wa kuhama. Mwanao mkubwa mwakani atakuwa kidato cha pili, na kuna mtihani wa taifa Novemba. Kumhamisha katikati ya mwaka huo ni kumtafutia balaa. Mkihama, hamieni likizo ya Desemba mwaka huu. Sasa hivi kazi yako ni kumwona mkuu wa shule ya sekondari na mwalimu mkuu wa msingi walio karibu na mtaa ule na kuuliza kama pana nafasi, kwa sababu uhamisho huanza na shule inayopokea kukubali. Beba namba za watoto, yule wa msingi ana namba ya PReM, ile ya usajili wa mwanafunzi, shuleni kwake, uiandike. Ukiwa pale simama getini wakati wa kutoka, uone watoto wanatembea njia gani na wanavuka barabara ipi.

Bomba na bandari

Haya ya shemeji ni kweli. Bomba la mafuta ghafi lenye urefu wa kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda, linaishia Chongoleani, na lango la bandari limechimbwa kutoka kina cha mita 3 hadi 13 ili meli kubwa zifike gatini. Ila mradi wa aina hii unaajiri maelfu wakati wa kujenga na wachache wakati wa kuendesha, na hao wachache wana kampuni zao za viyoyozi. Tanga ilishawahi kupanda na mkonge ikashuka nao, na waliofungua biashara kwa bei za wakati wa neema ndio waliofunga kwanza. Ukihamia kwa sababu ya muuza nyama wa Ngamiani, bomba likileta ziada utaipokea. Ukihamia kwa sababu ya bomba, utabaki ukilisubiri.

Kuhusu kurogwa na kunaswa: wenzako kijiweni wanarudia utani mkongwe kuliko wao. Wanaokwenda Tanga wasirudi, wengi wamezuiwa na kodi ndogo.

Mei aende mkeo

Mei ndiyo kilele cha mvua Tanga. Nyumba uliyoipenda Machi ikaonekane ikiwa imelowa, na aione mtu mwingine. Wewe baki na watoto. Kwa 250,000 mkeo atapata nauli 50,000, gesti usiku mbili 60,000, chakula 30,000, usafiri wa mjini 40,000, na 70,000 ya dharura. Usimwelekeze cha kuona. Mpe tu anuani za nyumba tatu, bila kumwambia uliyoichagua. Yeye aende kwa washonaji watatu wa sare, aulize mita ya kitambaa, bei ya shati na sketi, na kama shule zina fundi wao maalumu, kwa sababu shule ikiwa na fundi wake, cherehani yake itabaki ya kupunguza suruali. Akirudi, kila mmoja aandike nyumba aliyoichagua kwenye karatasi kabla hamjazungumza.

Mkikubaliana, bado usihamishe familia. Juni panga chumba kimoja Tanga, ukienda wewe na begi la vifaa, ulipe kwa miezi mitatu. Hesabu kazi, uone kama zinaelekea 22. Nyumba ya Tabata iendelee. Zikifika, Desemba tafuta lori lililoleta mzigo Dar kutoka Tanga na linarudi tupu. Huyo dereva mtapatana bei tofauti kabisa na wa kukodi kwenda na kurudi.

Na shemeji mtumie hivi, leo:

"Assalaam alaykum shemeji, habari za nyumbani? Tunashukuru sana kwa kuhangaika na nyumba. Dada yako nami tumekubaliana tusilipe kitu kabla hatujaona kwa macho, kwa hiyo ikiwa mwenye nyumba ana mtu, ampe tu, wala usione vibaya. Ninakuja mwisho wa Machi kwa siku nne, nitalala Ngamiani nipate kuzunguka asubuhi mapema. Jumatatu jioni nitakuwa kwako, naomba unitafutie muuza samaki mmoja mwenye friza mbovu."